Ahsoka hakuletwa na Disney, na mengine tunayoyakosea kuhusu The Clone Wars

Kila ninapomwambia mtu kwamba ninachokipenda kuliko vyote katika Star Wars ni katuni, jibu ni lile lile: "Ah, zile za watoto." Nimelisikia nyumbani, nimelisikia kazini, na limetoka vinywani mwa watu wanaoijua kila filamu ya mfululizo huu kwa mpangilio. Katuni yenyewe ni The Clone Wars. Ilianza mwaka 2008, ikamalizika 2020, ina vipindi 133, na inasimulia vita vilivyopiganwa kati ya matukio ya filamu ya pili na ya tatu katika hadithi. Mengi yanayosemwa juu yake, na juu ya namna mashabiki walivyoipokea, hayako sawa, na yananiuma kwa sababu yanawazuia watu kuonja kitu kizuri.

"Mashabiki waliikataa kwa sababu hawapendi kitu kipya"

Walioikataa mwanzoni walikuwa na hoja, tena nzito.

Agosti 2008 ilitangulia filamu ya sinema. Haikuwa imeandikwa kama filamu. Vilikuwa vipindi vya kwanza vya televisheni vilivyoshonwa pamoja baada ya George Lucas, mwasisi wa Star Wars, kuviona kwenye skrini kubwa na kuvipenda, na mishono ilionekana. Mtoto mchanga wa Jabba, yule bwana mkubwa wa majambazi, ametekwa nyara. Anakin Skywalker anatumwa kumrudisha, na papo hapo anakabidhiwa mwanafunzi asiyemwomba: binti wa miaka 14 aitwaye Ahsoka Tano. Hawajamaliza hata kujuana, binti keshambandika mwalimu wake jina la utani, "Skyguy". Kwetu tuliolelewa kumwamkia mwalimu shikamoo na kusubiri aitikie, masikio yalituwasha. Huko Marekani yaliwawasha pia. Wachambuzi waliiponda, na ikateuliwa kuwania Razzie, tuzo ya mzaha wanayopewa waliotengeneza filamu mbovu za mwaka.

(Wanaosema ilianguka kifedha nao wamekosea. Iligharimu takriban dola milioni 8.5, ikaingiza takriban milioni 68 duniani.)

Kulikuwa na jeraha jingine ambalo waliokuja baadaye hawalijui. Kati ya 2003 na 2005 Genndy Tartakovsky alikuwa ameshatengeneza katuni fupi fupi kuhusu vita hivi hivi, zenye michoro bapa na maneno machache mno, zikashinda tuzo ya Emmy mara mbili. Jenerali Grievous alionekana humo kabla hajaonekana kwenye filamu. Mashabiki walizipenda kwa dhati. Halafu wakaletewa toleo jipya la kompyuta ambalo wahusika wake wana nyuso ngumu, ndevu za Obi-Wan, mwalimu wa Anakin, utadhani zimechongwa kwa patasi. Yalikuwa makusudi: mwongozaji Dave Filoni na wenzake waliwatazama vibaraka wa kipindi cha zamani cha Uingereza, Thunderbirds. Lakini mtazamaji wa siku ya kwanza hakuyaona makusudi, aliuona ugumu.

Hoja iliyowakera wengi kuliko zote ilikuwa rahisi. Filamu ya 2005 inayomwonyesha Anakin akigeuka kuwa yule mwovu Darth Vader haimtaji Ahsoka hata mara moja. Mwalimu anaanguka, na mwanafunzi wake hayupo, wala haulizwi. Kwa hiyo ama atakufa njiani, ama waandishi wameharibu hadithi. Mashabiki waliliona pengo hilo mapema sana. Ninachoamini ni kwamba pengo lile ndilo lililoibeba katuni nzima, kwani kila kipindi ukikitazama unajua binti huyu hana mahali pa kufika.

Jibu la kwanza lilikuja Machi 2013, mwisho wa msimu wa tano. Ahsoka amesingiziwa kulipua bomu ndani ya hekalu la Jedi, wale mashujaa wa panga za mwanga. Wazee wa baraza, waliomlea tangu utotoni, wamemfukuza. Ukweli unapojulikana wanamwita arudi, na wanamwambia yaliyompata yalikuwa mtihani wake mkuu. Hawamwombi msamaha wa kueleweka. Anakin ananyoosha mkono, ameshika kishaufu cha shanga zake za uanafunzi. Ahsoka haupokei. Anaushika mkono wa mwalimu wake, anaufumba juu ya zile shanga, anageuka na kushuka ngazi za hekalu jua likizama. Watu walewale walioudhika na "Skyguy" walilia. Nami nililia.

"Ni ya watoto"

Ilionyeshwa Cartoon Network na watoto waliitazama, hilo ni kweli. Lakini chukua vipindi vya sayari ya Umbara katika msimu wa nne, mwaka 2011. Makloni wa Kapteni Rex, askari walionakiliwa kutoka kwa mtu mmoja, wanaambiwa na jenerali wao, Krell, kwamba adui ameiba sare zao na anakuja amejivika kama wao. Wanafyatua risasi gizani. Upande wa pili nao umeambiwa hivyo hivyo. Rex anamfunua maiti mmoja kofia na kukuta uso wake mwenyewe, maana makloni wote wana uso mmoja. Anakimbilia katikati ya risasi akipiga kelele waache, wavue kofia. Miongoni mwa wanaokufa yumo Waxer, yule aliyekuwa rafiki wa mtoto Numa kule Ryloth katika msimu wa kwanza. Anakata roho chozi likimtiririka.

Au mchukue seneta Padmé akihutubia Seneti, msimu wa tatu. Wabunge wanataka kukopa fedha zaidi wanunue askari zaidi. Badala ya takwimu, anawaeleza habari za mtumishi wake, Teckla: mtaani kwake umeme na maji ni vya nadra kwa sababu ya vita, na watoto wake wanaoga mara moja kila wiki mbili. Mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni ya ndoo bombani, au kuishi kwa ratiba ya mgao wa umeme, anajua hotuba ile haikuandikwa kwa watoto peke yao.

"Katuni haihesabiki kwenye hadithi halisi"

Inahesabika rasmi. Aprili 2014 Lucasfilm, kampuni aliyoianzisha Lucas, walitangaza kwamba riwaya, vibonzo na michezo mingi iliyokuwa imerundikana kwa miaka itawekwa kando kwa jina la Legends. Vilivyobaki kuwa msingi ni filamu sita na The Clone Wars. Tangu hapo wahusika wanatoka kwenye katuni kwenda kwa waigizaji wa kweli: Saw Gerrera akaigizwa na Forest Whitaker mwaka 2016, na Bo-Katan akaigizwa 2020 na Katee Sackhoff, yule yule aliyempa sauti kwenye katuni. Hata Boba Fett, kabla ya filamu ya 1980, alikwishaonekana Novemba 1978 katika kipande cha katuni ndani ya kipindi maalumu cha televisheni.

"Disney ndio waliomleta Ahsoka na kumfufua Maul"

Lucas aliiuza kampuni yake kwa Disney Oktoba 2012. Ahsoka alitokea 2008, na Lucas mwenyewe ndiye aliyetaka Anakin apewe mwanafunzi. Maul, mpiganaji mwovu aliyekatwa vipande viwili kwenye filamu ya 1999, alirudishwa mwanzoni mwa 2012, tena kwa matakwa ya Lucas. Ukiupenda au ukiuchukia uamuzi huo, mpelekee mwenyewe.

"Lazima uanze kipindi cha kwanza, uende moja kwa moja"

Hapana. Vipindi havikurushwa kwa mpangilio wa matukio. Kwa mpangilio huo, filamu ya 2008 inakuja baada ya vipindi viwili, kimoja cha msimu wa pili na kingine cha msimu wa kwanza.

"Malalamiko ya mashabiki ni chuki tu"

Mengine ni chuki, sikatai, na yananitia aibu. Lakini tukiyatupa yote kapu moja tunapoteza ya maana. Mwaka 2021 ilipotoka The Bad Batch, katuni iliyozaliwa ndani ya hii, mashabiki waliuliza swali la wazi. Makloni wote wametokana na Jango Fett, na Jango aliigizwa na Temuera Morrison, Mmaori wa New Zealand. Iweje kikosi hiki kiwe na ngozi nyeupe zaidi na nyuso zisizofanana naye? Waliweka picha sambamba, uso kwa uso, na kila mwenye macho aliona. Hao walikuwa wakitetea hadithi dhidi ya waliokabidhiwa kuichora.

Na wanaotuambia sisi Waafrika kwamba mambo haya hayatuhusu, waisikilize filamu ya 1983: Nien Nunb, rubani msaidizi wa Lando, anazungumza Kikuyu humo, kwa sauti ya Mkenya Kipsang Rotich. Mwaka 2023, katika msimu wa pili wa Visions, mkusanyiko wa katuni fupi za Star Wars, studio ya Triggerfish ya Cape Town ilitengeneza Aau's Song, hadithi ya mtoto ambaye sauti yake huamsha mawe ya fuwele. Tumo humu ndani zamani.

"Mashabiki ndio walioiokoa"

Nusu ya ukweli. Katuni ilipokatizwa 2013 mashabiki hawakunyamaza, na Julai 2018 ilipotangazwa kwenye kongamano la mashabiki la San Diego kwamba itarudi, ukumbi ulilipuka kwa vilio na vifijo. Nisingependa kuwapunguzia sifa. Ila Disney walikuwa wakijiandaa kufungua huduma yao ya Disney+, iliyoanza Novemba 2019, na walihitaji vitu vya kuwavuta wateja. Tena kazi haikuanza sifuri: vipindi vinne vya kwanza vya msimu wa saba vilikwishaonyeshwa vikiwa rasimu mwaka 2015. Upendo wa watu ulikutana na hesabu za biashara, na kimoja bila kingine kisingetosha.

Kipindi cha mwisho kilitoka tarehe 4 Mei 2020. Kabla ya hapo, Ahsoka aliporudi vitani, makloni walikuwa wamepaka kofia zao rangi za uso wake kumheshimu, kisha amri ya kuwaua Jedi ikatoka, na haohao wakamgeuzia bunduki. Meli yao ikaanguka. Ahsoka anawazika, anapanga kofia zao juu ya vijiti, anaudondosha upanga wake wa mwanga na kuondoka. Miaka inapita. Theluji imefunika kila kitu. Vader anafika, anauokota upanga, anauwasha, anatazama juu kwa muda, kisha anaondoka bila neno. Tunamwona akipungua, akipungua, ndani ya kioo cha kofia moja iliyozama nusu kwenye barafu, ikiwa na rangi za uso wa mwanafunzi wake.