Picha za Wafalme wa Ulaya Karne ya 17: Yanayodhaniwa na Ukweli Wake

Wengi hudhani mfalme alikaa mbele ya mchoraji kutwa nzima, shingo ikimuuma, hadi picha ikamilike. Sivyo. Mchoraji Anthony van Dyck, aliyeanza kumtumikia Charles I, mfalme wa Uingereza, jijini London mwaka 1632, alikuwa na karakana yenye wasaidizi. Uso aliuchora mwenyewe. Nguo ziliweza kuletwa karakanani zikachorwa na wasaidizi, mwenye nguo hayupo.

Wengine husema picha hizo zote zilikuwa uongo wa kujipendekeza. Hapo kuna ukweli kidogo, na mimi napenda kuzitazama kwa sababu hiyo hiyo. Charles alikuwa mfupi. Katika picha yake ya mawindoni, ya mwaka 1635 hivi, iliyoko kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris, Van Dyck alimsimamisha palipoinuka, akamchora kama tunamwona tukiwa chini kidogo, kisha akamwinamisha farasi kichwa. Mfalme hana taji, ana kofia na fimbo, lakini jicho linamwendea yeye kwanza. Huko Madrid, mchoraji Diego Velázquez hakumficha Philip IV, mfalme wa Hispania, taya lake refu la Habsburg, ukoo wake wa kifalme. Alimchora tangu ujana mpaka mashavu yakalegea na macho yakachoka, na mfalme akaendelea kumweka karibu naye.

Nguo nyeusi za Philip nazo si za msiba wala za ufukara. Weusi uliokolea bila kupauka ulikuwa wa gharama. Rangi yake mojawapo ilitoka kwenye magogo ya mti yaliyovushwa bahari kutoka Mexico.

Kosa kubwa zaidi ni kuziona picha hizi kama mapambo ya ukutani. Zilitumwa kama wajumbe. Binti wa Philip, Margarita, alikusudiwa kuolewa na Kaisari Leopold I wa Vienna, mjomba wake, ndugu wa mama yake mzazi. Velázquez akawa anamchora mtoto, picha zikipelekwa Vienna ili huko wamwone anavyokua. Ya mwaka 1659 inamwonyesha akiwa na miaka minane, gauni la buluu limemtanuka pande zote, mkononi kashika kifuko cha manyoya cha kupashia mikono joto. Ukiisogelea, nakshi za fedha zinageuka madoa ya brashi yaliyopigwa haraka. Ukirudi nyuma, zinameta. Miaka saba baadaye Margarita aliifuata picha yake Vienna, bibi harusi wa miaka 15.