Neno refu la Kiingereza "lenye herufi hizi": maana yake hasa ni nini?

Mtu akikuambia, "Nitafutie neno refu la Kiingereza lenye A, E, I, O na U," amekupa swali moja lenye maana mbili, na usipojua anataka ipi utahangaika bure. Huenda anataka neno ambalo herufi hizo zote zimo, hata kama zimechanganyika na nyingine. Au anataka neno lililojengwa kwa herufi hizo peke yake, pasiingie hata moja ya nje. Aliyesoma hesabu za seti ataliona jambo hili upesi. Katika maana ya kwanza, herufi ulizopewa ni seti ndogo ya herufi za neno. Katika ya pili mambo yamegeuka: herufi za neno ndizo seti ndogo.

Tuanze na ya kwanza, kwa kuwa ina utamu wake. Andika "facetious", yaani mwenye kufanya mzaha pasipostahili mzaha. Pita na kalamu ukikata irabu moja moja: f, a, c, e, t, i, o, u, s. Zote tano zimo, kila moja mara moja tu, tena kwa mpangilio uleule wa alfabeti. Sasa andika "abstemious", neno la mtu mwenye kiasi katika kula na kunywa. Matokeo ni hayohayo.

Siri iko mkiani. Kiingereza kina kiambishi tamati "-ious", ambacho tayari kimebeba i, o na u zikiwa zimejipanga. Kilichobaki ni kupata mwanzo wenye a ikifuatwa na e. Ukiongeza "-ly" unapata "facetiously", na y, ambayo Kiingereza huitumia mara kama irabu mara kama konsonanti, inakaa nyuma ya u kama alfabeti inavyotaka. "Education" nayo imesaidiwa na mkia: "-ation" inaleta a, i na o, kisha mwanzo wa neno unatoa e na u. Ndiyo maana nasema anayewinda maneno ya aina hii aanze na viambishi, asianze kufunua kamusi ukurasa kwa ukurasa. Kinyume chake pia kipo: "subcontinental" ina irabu zote tano zikirudi nyuma, u, o, i, e, a.

Lakini katika maana hii ya kwanza, urefu si sifa kubwa. Neno likiwa refu hukokota herufi kama juya, na nyingi zitaingia tu. La kustaajabisha ni fupi linaloweza kuzibeba zote. "Sequoia", jina la miti mirefu mno ya California, lina herufi 7. Toa irabu tano, zinabaki s na q peke yake.

Maana ya pili ndiyo inayoupa urefu heshima yake, maana kila herufi unayoongeza lazima itoke katika kapu lilelile dogo. Mfano ulio karibu na vidole vyako ni kibodi ya kawaida ya Kiingereza. Safu ya juu ina herufi kumi, kuanzia Q hadi P, na kwa herufi hizo tu unaweza kuandika "typewriter", jina la taipureta yenyewe. "Repertoire" na "perpetuity" zinatoka hapohapo, na jina la mmea "rupturewort" linafika herufi 11. Safu hiyo ina neema kwa sababu imepata irabu nne, e, u, i na o. Safu ya kati ina a peke yake, kwa hiyo inakupa vitu kama "flasks" na "alfalfa". Safu ya chini haina irabu hata moja wala y, na hapo hakuna neno la kawaida la kutafuta. Ukitenga herufi za mkono wa kushoto tu, unafika "stewardesses", herufi 12.

Kuna sharti jingine ambalo watu hulichanganya na haya mawili: herufi isirudiwe. "Dermatoglyphics", elimu ya michirizi ya ngozi ya vidole, viganja na nyayo, ina herufi 15 zote tofauti. "Uncopyrightable", yaani kisichoweza kuwekewa hakimiliki, nayo ina 15 zisizojirudia, na hili ndilo nilipendalo kuliko yote. "Un-" imeleta u, "-able" imeleta a na e, katikati "copyright" imetoa o, y na i. Irabu zote tano na y juu yake.

Lilinganishe na "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis", jina la ugonjwa wa mapafu lililobuniwa miaka ya 1930 kwa kusudi la kuyapita mengine kwa urefu. Lina herufi 45. Ukizihesabu bila kurudia, kwa kuwa o peke yake imo mara 9, unabaki na herufi 14 tofauti. Moja pungufu ya "uncopyrightable".