Mwarobaini: kilichomo ndani ya mti, na njia ya kuufanya dawa

Malalamiko yanayotufikia siku hizi yanafanana. Mtu ameacha vidonge vya kisukari, au hakumaliza dawa mseto ya malaria, kwa kuwa amesoma kwenye simu kwamba mwarobaini "umethibitishwa". Umethibitishwa kutibu nini, kwa kipimo gani, na nani?

Mti huu una nguvu, hatuna sababu ya kuficha. Azadirakitini, kemikali iliyotolewa kwenye mbegu zake mwaka 1968, huvuruga ukuaji wa wadudu na leo inauzwa kama kiuatilifu. Gedunini, kemikali nyingine ya mti huu, imeua vimelea vya malaria maabara. Nimbolaidi, ya tatu, inachunguzwa dhidi ya seli za saratani. Lakini kinachoua kimelea kwenye kisahani cha kioo huweza kuvunjwavunjwa na ini kabla hakijafanya kazi mwilini. Kwinini, dawa ya malaria, nayo ilitoka kwenye gome la mti, mwaka 1820, na hospitali haimpi mgonjwa gome: inapima miligramu kwa kila kilo ya uzito wake.

Sampuli nyingi hutufikia kwenye chupa za maji ya kunywa, kifuniko kimezungushiwa nailoni, maji ya kijani yenye mashapo chini. Ukiuliza ni majani, magome au mizizi, jibu ni "mwarobaini". Mwanakemia hawezi kuanzia hapo. Kiasi cha kemikali hutofautiana mti kwa mti na msimu kwa msimu.

Halafu kuna hili la "ni ya asili, haina madhara". Naomba tuliache kabisa. Muhogo mchungu nao ni wa asili, na mama wa Mtwara anajua kwa nini anauloweka. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yameleta kutapika, usingizi mzito na degedege kwa watoto wadogo, na taarifa hizo ziliandikwa na madaktari wa Malaysia na India. Mtoto asinyweshwe. Mjamzito asitumie.

Kwa watoa tiba wa Tanzania: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 inataka mtoa huduma asajiliwe, na dawa yake isajiliwe pia. Hayo ni maombi mawili, si moja. Ombi la mganga huanzia serikali ya kijiji au mtaa, hupita kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, ndipo lifike Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Dawa hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa usalama. Cheti cha usalama si cheti cha kuponya, na kukibandika kwenye tangazo kana kwamba kinaponya ni kupotosha umma. Anayetoa huduma bila usajili anatenda kosa la jinai.

Anayetumia mwarobaini pamoja na dawa za kisukari amwambie daktari wake leo, kwa sababu vyote viwili huweza kushusha sukari. Aende na chupa yenyewe mkononi.