Je, wajua? Jeevanjee hakuwa kuli wa reli

Waulize watu Nairobi Jeevanjee alikuwa nani, na wengi watakujibu: kuli wa reli aliyebaki, akafungua duka, akatajirika. Sivyo. Alibhai Mulla Jeevanjee, Mbohora (Mwislamu wa jamii ya Kishia yenye asili ya Gujarat) aliyezaliwa Karachi mwaka 1856, alifika Mombasa mwaka 1890, miaka sita kabla ya ujenzi wa reli ya Uganda kuanza. Alikuja kufanya biashara.

Dhana hiyo wamebebeshwa Wahindi wote wa Kenya, na hesabu zinaikataa. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba. Takriban 2,500 walifariki, na mikataba ilipokwisha walio wengi walirudi kwao. Waliobaki hawakufika 7,000. Tena vibarua wengi walitoka jimbo la Punjab, ilhali wenye maduka wengi walikuwa Wagujarati waliojilipia nauli.

Utajiri wa Jeevanjee ulitokana na zabuni: kuipatia reli vibarua, na hasa chakula chao. Mfikirie mama ntilie mwenye mkataba wa kulisha mafundi wote wa jengo moja. Tofali lisipopangwa leo, mafundi bado watakula, naye atalipwa. Hapa sufuria ilikuwa ndefu kama reli yenyewe: mchele, unga wa ngano, dengu na samli vilishushwa Mombasa, vikafuata kambi kila iliposogea bara. Kambi ya Nairobi ilipoanza kuwa mji, baada ya 1899, yeye tayari alikuwa na fedha, mafundi na njia ya kuleta vifaa. Akajenga ofisi, maduka na soko. Husemwa kuwa alimiliki sehemu kubwa ya mji. Ukubwa wa sehemu hiyo uchukuliwe kwa tahadhari.

Mwaka 1902 alianzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa, akaliuza 1905. Ndilo The Standard la leo. Mwaka 1906 aliupa mji bustani inayobeba jina lake. Mwaka 1909 akateuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, Mwasia wa kwanza.

Hata hivyo, ardhi ya nyanda za juu ilitengewa Wazungu, na hilo lilimuuma. Mwaka 1910, akiwa London, aliliambia gazeti moja kwamba Afrika Mashariki iunganishwe na himaya ya India. Alipigania haki ya Wahindi kwa nguvu zote. Waafrika, wenye ardhi yenyewe, hawakuwamo katika hesabu yake. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia baraza hilo mwaka 1944, miaka minane baada ya Jeevanjee kufariki.