Kubebesha mwembe maana yake nini?

Ukiulizia mche wa mwembe kwenye kitalu, utaulizwa: wa kokwa au wa kubebesha? Wa kubebesha una bei zaidi, na wengi huondoka na wa bei rahisi bila kujua wameacha nini.

Kubebesha ni kuunganisha miti miwili iishi kama mmoja. Wa chini unatoa mizizi. Mara nyingi ni mche ulioota kwa kokwa la embe la kienyeji, lenye kuvumilia ukame. Wa juu ni kikonyo, yaani ncha ya tawi iliyokatwa kwenye mwembe ambao utamu wake unajulikana, tuseme dodo au bolibo. Shina linabebeshwa mtoto asiye wake.

Mche ukifikia unene wa penseli, fundi anaukata juu na kupasua shina katikati. Kikonyo anakichonga pande mbili kama kabari, anakichomeka kwenye ufa. Kazi yote iko hapa: ule utando mwembamba wa kijani ulio chini tu ya gome lazima uguse wa mwenzake, japo upande mmoja. Usipogusa, kikonyo kinakauka. Kisha anafunga kwa ukanda wa nailoni na kuvika kimfuko cha plastiki, kama kile cha lambalamba, ili unyevu usitoke. Baada ya wiki tatu hivi utaona chipukizi jekundu.

Faida yake? Mwembe wa kokwa unaweza kukuweka miaka sita au zaidi, na matunda yasifanane na ya mama yake. Wa kubebesha huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, kwa sababu kikonyo kimetoka kwenye mti mzima na kimekuja na umri wake. Ukitoa maua mwaka wa kwanza, yang'oe; mti bado mchanga mno.

Lakini miti hii haichanganyiki damu. Chini ya kiungo unabaki wa kienyeji maisha yote, kwa hiyo usikifukie kiungo, na kila kinachochipua chini yake kivunje kingali laini. Nyumbani kwetu mbuzi walikula dodo changa hadi kwenye kiungo. Likaota upya, tukafurahi, tukalimwagilia miaka mitano. Lilipozaa, yakawa vijiembe vya nyuzi tupu.