Je, wajua kwa nini seli za kinga zinazoshinda saratani ya damu hukwama kwenye saratani ya ini?

Seli T, askari wa kinga ya mwili, huzunguka mwilini zikipekua seli nyingine moja moja. Zikikuta iliyoingiliwa na virusi, zinaiua. Saratani huziponyoka kwa sababu ni mwana wa nyumbani: imezaliwa na seli za mwili huohuo, na sura yake haitofautiani sana na ya majirani.

Tiba ya CAR-T inazipa macho mapya. Damu ya mgonjwa hupitishwa kwenye mashine inayochuja seli hizo, kisha maabarani, virusi vilivyoondolewa makali huziingizia jeni la kipokezi kinachotambua alama moja tu ya saratani. Zikishazaliana kwa mamilioni, hurudishwa mwilini kwa dripu. Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hii mwaka 2017, kwa saratani ya damu.

Kwenye ini, alama imeshapatikana, nayo inachekesha kidogo. Ni protini iitwayo glipikani-3. Ini la mtoto aliye tumboni huitengeneza. La mtu mzima mwenye afya limeshaiacha. Saratani nyingi za ini huiamsha tena na kuibeba juu ya seli zake waziwazi, kama mzee aliyevaa sare ya chekechea.

Sasa kinachokwamisha ni nini? Saratani ya damu huelea, hivyo seli T zikiingia mshipani zimeshakutana nayo. Uvimbe wa ini ni ngome. Lazima zipenye tishu ngumu, ndani oksijeni ni haba, na uvimbe wenyewe humwaga kemikali kama TGF-beta zinazozilegeza. Nyingine hufika zimeshachoka, nyingine hazifiki kabisa.

Watafiti wa Chuo cha Tiba cha Baylor, Texas, Marekani, waliziongezea jeni la intalukini-15, protini inayozisaidia kuishi na kuzaliana. Ni kama askari kubeba chakula chake mgongoni. Walizijaribu kwa watoto na watu wazima wenye uvimbe wa glipikani-3, wa ini na mwingineo. Kati ya wagonjwa 12 waliopewa seli zisizo na jeni hilo, hakuna ambaye uvimbe wake ulisinyaa vya kutosha kuhesabika. Kwa 12 waliopewa zilizo nalo, theluthi moja waliitikia tiba.

Si bure, lakini. Dhoruba ya kinga, yaani kinga kufura kupita kiasi, yenye homa kali na shinikizo la damu kuporomoka, nayo iliongezeka. Ndiyo maana, na kwangu huu ndio ufundi hasa, seli hizo zilipachikwa swichi ya kujiua: mgonjwa akielemewa, hudungwa dawa inayoiwasha, seli zikapukutika na dhoruba ikatulia.