Kupiga makofi katikati ya muziki si ushamba

Wengi huamini kwamba tangu zamani wasikilizaji wa muziki wa klasiki wa Ulaya walikaa kimya hadi noti ya mwisho, na kwamba anayepiga makofi kati ya sehemu moja na nyingine hajui kitu. Sivyo.

Mnamo Machi 21, 1826, kundi la mpiga fidla Schuppanzigh lilipiga mjini Vienna kwateti mpya (muziki wa wapigaji wanne) ya mtunzi Beethoven, Opus 130, yaani kazi yake namba 130: fidla mbili, viola na selo, sehemu sita. Sehemu ya pili ni fupi mno, kama dakika mbili tu, inapita mbio kama mtu anayenong'ona huku akikimbia. Watu waliitaka tena, ikarudiwa palepale. Ya nne, yenye mwendo wa dansi ya Kijerumani, nayo ikarudiwa. Fyuga ndefu ya mwisho, yaani muziki ambamo ala huingia moja baada ya nyingine na wimbo uleule, iliwachanganya, na baadaye Beethoven akaandika hitimisho jingine.

Mtunzi Mozart naye alimwandikia baba yake kutoka Paris mwaka 1778, akifurahi kwamba simfonia yake, muziki wa okestra nzima, ilipigiwa makofi ingali inaendelea. Ukimya tunaoujua ulienea polepole baadaye, katika karne ya 19 na ya 20. Mimi naupenda, hasa sehemu za taratibu. Lakini anayeshindwa kujizuia kupiga makofi msimkodolee macho.